Bwawa la Madebe Mia Mbili

Mmeniita niwaeleze namna ya kutunza mitihani, mkanipa na soda. Soda nimeshakunywa, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Ila msitegemee nianzie mwanzo. Mwanzo nimeusahau, na wa kunikumbusha wameshatangulia.

Nilikuwa karani wa elimu hapo Same enzi za Mwingereza, sarafu zikiwa bado na kichwa cha mfalme. Ofisi ilikuwa na meza tatu, kabati moja la chuma, na Bwana Elimu mmoja, Mwingereza mrefu aliyeinama kila mlangoni, hata penye nafasi ya kupita na mzigo kichwani. Kazi zangu zilikuwa mbili. Mwaka mzima nilitengeneza vifaa vya kufundishia kwa ajili ya shule za wilaya. Mwisho wa mwaka nilipeleka mitihani ya darasa la nne milimani ikiwa imefungwa, nikairudisha ikiwa imefungwa. Hapo katikati watoto waliandika. Mimi nilishughulika na kufunga.

Ninyi mna mashine ya kudurufu inayotoa nakala mia mbili kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na jeli. Unachemsha gelatini na gliserini mpaka iwe kama uji mzito, unamimina kwenye sinia bapa, unangoja igande. Unaandika karatasi yako kwa wino wa zambarau, unailaza juu ya jeli, unahesabu mpaka mia, unaibandua taratibu. Maandishi yanabaki kwenye jeli. Baada ya hapo unalaza karatasi tupu, moja moja, kila moja inaondoka na maandishi yake. Nakala ya kwanza inang'aa. Ya thelathini unaisoma. Ya hamsini unaikumbuka tu. Shule za mbali ndizo zilizopata zile za hamsini, kwa kuwa walimu wake ndio waliochelewa kufika.

Jeli ni tamu, hilo hakuna aliyeniambia. Mwaka wangu wa kwanza niliiacha dirishani, kuku wa jirani wakala jedwali la kuzidisha kuanzia sita mpaka tisa. Wiki nzima walitembea na midomo ya zambarau. Bwana Elimu alipouliza, nikamwambia ni kuku wa aina yake. Akaandika kwenye daftari lake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, karani mkuu, mtu wa Kihurio, mwembamba, kanzu nyeupe wakati wote, sauti haipandi hata akikutukana. Yeye ndiye aliyenionyesha kupiga lakiri: unaiyeyusha juu ya mshumaa, unaidondosha penye kifuniko cha bahasha, unagandamiza muhuri, na husogezi mkono mpaka umesoma Fatiha moja. Mimi ni Mkristo, nikasema Baba Yetu. Akasema ni ndefu mno, muhuri utagandia humo humo. Basi nikajifunza Fatiha, na mpaka leo naijua, ingawa mchungaji wangu hajui.

"Ukiulizwa ndani kuna nini, unasemaje?" aliniuliza.

"Mtihani."

"Hapana. Unasema karatasi. Ukiulizwa mgumu?"

"Nasema sijui."

"Unasema jua kali leo. Ukishasema hujui, wameshajua kwamba kuna cha kujua."

Nikapanda milima na jibu langu hilo. Gari liliishia pale lilipoishia, kilichobaki ni miguu. Mamba, Myamba, na vijiji vya juu yake ambako ukifika umeshasahau ulikuja kufanya nini. Kila nilikopita nilisema jua kali leo. Huko juu kuna ukungu mpaka saa nne, kwa hiyo wengi walinionea huruma.

Lazima mwelewe mtihani ule ulikuwa nini, maana ninyi mkifeli mnarudia. Wakati ule mtoto alifanya mtihani wa darasa la nne mara moja. Akishinda, anakwenda shule ya kati. Asiposhinda, amemaliza masomo, anashika jembe. Shule za kati zilikuwa chache, na nafasi za wasichana ndiyo kabisa: kwa wilaya nzima, mwaka ninaousema, zilikuwa mbili. Nimewaona akina baba watu wazima wakisimama nje ya darasa wameshika kofia mikononi kana kwamba ndani kuna maiti.

Na maswali yalitungwa mbali, mkoani. Mwaka mmoja insha ilikuwa "Safari Yangu ya Gari Moshi". Reli inapita Same, sikatai, lakini watoto wa juu walikuwa hawajawahi hata kuigusa. Mmoja aliandika hivi: "Nililiona gari moshi kutoka kwetu. Lilikuwa dogo. Likaenda." Msahihishaji akampa alama za ufupi. Nikasema moyoni, huyu atafika mbali, na kweli alikuja kuwa hakimu.

Sasa mwaka wa bwawa. Usahihishaji ulifanyika Same, kwenye chumba cha nyuma cha ofisi yetu. Walimu sita wanasahihisha, Mzee Athumani anaandika alama, mimi nafungua bahasha. Siku ya pili msahihishaji wa Hesabu akanyanyua mkono kama mtoto wa shule. Alikuwa na karatasi za shule moja ya juu kabisa, wanafunzi ishirini na wanane.

Swali la tisa lilikuwa hili, nalijua kwa moyo kuliko Fatiha: "Bwawa linachukua madebe 200 ya maji. Mfereji huingiza madebe 40 kwa saa. Tundu lililo chini hutoa madebe 15 kwa saa. Bwawa likiwa tupu, litajaa baada ya saa ngapi?"

Arobaini toa kumi na tano ni ishirini na tano. Mia mbili gawa kwa ishirini na tano ni nane. Jibu la mkoa lilikuwa nane.

Watoto wote ishirini na wanane walikuwa wameandika tano.

Wakikosa wote, ni kawaida. Wakikosa kila mmoja kivyake, ni kawaida zaidi. Lakini wakikosa wote kosa moja, hapo kuna mtu kawapa jibu, tena mtu asiyejua hesabu. Ndivyo Bwana Elimu alivyosema, na mimi ningesema vilevile. Kanuni ilikuwa wazi: shule iliyoiba, mtihani wake unafutwa wote, na mwalimu anapoteza cheti. Watoto ishirini na wanane warudi kwenye jembe, hata waliopata mengine yote.

Mwalimu wao aliitwa Eliesikia, kijana wa huko huko juu, mwenye koti moja. Akateremka kwa miguu, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bwana Elimu hakumwambia ameitiwa nini. Alimpa karatasi na penseli na lile swali. "Fanya," akamwambia. Kiswahili cha Bwana Elimu kilikuwa safi kuliko changu, ila hakikuwa na mahali pa kukalia mgeni.

Mwalimu Eliesikia akafanya. Akaandika tano.

Bwana Elimu akaichukua ile karatasi kwa ncha za vidole. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Alipenda sana methali.

"Nimekosea wapi, Bwana?" Mwalimu akauliza.

"Hukuondoa maji yanayotoka kwenye tundu."

"Tundu si linazibwa?"

"Nani amesema linazibwa?"

Mwalimu Eliesikia akatutazama mmoja mmoja, akitafuta mwenye akili timamu. "Bwana, ndiva hujazwa usiku. Tundu la chini linazibwa kwanza, kwa mti na udongo na majani ya mgomba. Asubuhi ndiva ikishajaa ndipo tundu linazibuliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Hizo kumi na tano ni za asubuhi. Hakuna mtu anayejaza huku anamwaga."

Ndiva ndiyo bwawa kwa watu wa juu. Mimi ni Mpare, lakini nilizaliwa Same kwenye nyumba za reli, maji nilikuwa nayajua ya bombani. Ndiva nilikuwa nimezipita mara ishirini nikisema jua kali leo, na sikuwahi kuuliza zinajaaje. Naona aibu kulisema hili mpaka leo.

Bwana Elimu akasema hiyo ni hadithi nzuri, akampa siku tatu alete uthibitisho.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Mwizi wa jibu habebi jibu peke yake. Anabeba na njia, anabeba na madoa. Nimeshakamata watoto walionakili mpaka neno lililokatwa. Basi nikazitandaza zile karatasi ishirini na nane mezani nikatazama pembeni, mahali pa kukokotolea. Mmoja amegawa. Mwingine ametoa arobaini arobaini mpaka akaishiwa. Mwingine amechora vijiti mia mbili, akavizungushia mafungu matano, karatasi imejaa kama uzio. Msichana mmoja, jina lake Nakunda, hakukokotoa kitu. Ameandika: "Saa tano. Aliyeacha tundu wazi atafutwe."

Hao hawakuibiana. Ningeapa.

Lakini kiapo cha karani hakina muhuri. Nikafungua bahasha ambazo zilikuwa bado hazijasahihishwa. Kihurio, bondeni, ambako maji yanatoka mtoni moja kwa moja: nane, nane, sita, nane, mmoja kaandika "sijui". Kisha shule mbili nyingine za juu, zilizo mwendo wa siku nzima kutoka ile ya kwanza. Tano. Tano. Tano. Mpaka mwisho.

Nikafurahi, nikasimama. Halafu nikakaa. Watoto walio mbali hivyo hawawezi kuibiana. Mwalimu mmoja hawezi kuwapa jibu watoto wa shule tatu. Ni mtu mmoja tu aliyefika shule zote tatu akiwa na mtihani mkononi, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Nikamweleza Mzee Athumani. Aliendelea kuandika mpaka akamaliza mstari.

"Zakaria, unaweza kuzirudisha kwenye bahasha," akasema. "Zitasahihishwa kesho na mtu mwingine, labda aone, labda asione."

"Na watoto wa Mwalimu Eliesikia?"

"Watafutiwa."

"Msema kweli mpenzi wa Mungu, Mzee."

"Wa Mungu, ndiyo. Wa afisa sijawahi kusikia." Akachovya kalamu. "Una watoto wangapi?"

"Wawili, na mmoja njiani."

"Basi nenda upesi kabla hujaanza kuwahesabu."

Nikaenda. Msidhani nilikuwa shujaa. Nikaziweka zile karatasi mezani kwa Bwana Elimu nikamweleza. Akazipitia moja moja.

"Nani alipeleka bahasha za shule hizi tatu?"

"Mimi, Bwana."

"Mtu mwingine alizishika?"

"Hapana, Bwana."

"Unaelewa unachonionyesha?"

"Naelewa, Bwana. Ndiyo maana nimechelewa kidogo kuja."

Akanitazama. Nadhani alitaka kucheka ila hakukumbuka inaanzaje. Akasema, "Kesho tunapanda."

Tukapanda. Tulifika kwenye ndiva ya juu ya shule ile asubuhi, maji yamejaa mpaka ukingoni, watu kama kumi wamekaa na majembe wakingoja kufunguliwa. Msimamizi wa ndiva alikuwa Mzee Mbonea, babu yake Nakunda, yule wa "atafutwe". Mguu mmoja ulikuwa mfupi, macho hayakosi kitu. Tukasalimiana. Bwana Elimu alisema shikamoo vizuri sana. Akatoa ile karatasi akasoma swali lote, pole pole, kama anavyosoma tangazo la serikali.

Watu wakasikiliza. Mzee Mbonea akakohoa.

"Bwawa la nani hilo?"

"Si la mtu. Ni la mtihani."

"Madebe mia mbili? Hilo si bwawa, hilo ni beseni."

"Tuseme ni bwawa."

"Haya. Na tundu linatoa?"

"Madebe kumi na tano kila saa."

"Sasa hivi tunavyoongea?"

"Ndiyo."

Mama mmoja akaweka jembe chini. "Masikini, watu wa huko," akasema. Mwingine naye akawa anahesabu kwa vidole: "Arobaini. Themanini. Mia na ishirini. Mia na sitini. Mia mbili. Tano, baba. Zibeni, baada ya saa tano mtakuwa na maji."

"Na tusipoziba?" Bwana Elimu akauliza.

Nawaambieni kweli, walimtazama kama mtu aliyeuliza tusipopika tutakula nini.

"Bwana," Mzee Mbonea akasema, sasa kwa sauti ya kazi, "hapa anayeacha tundu wazi wakati wa kujaza anatoa beberu. Aliyeona akanyamaza anatoa jike. Wewe hili jambo umelijua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na hukuziba?"

Bwana Elimu akasema hana uwezo, bwawa liko kwenye karatasi. Wakashauriana pembeni. Wakamsamehe kwa sababu ni mgeni.

Tukashuka. Tulipokaribia gari akaniambia, "Zakaria, swali lile lina jibu moja."

"Ndiyo, Bwana."

"Nilidhani ni lile jingine."

Alikuwa mtu wa haki, nampa haki yake. Siku hiyo hiyo aliandika barua mkoani, kurasa nne, akachora na ndiva kwa mkono wake, na tundu, na majani ya mgomba. Akaomba jibu la tano likubaliwe kwa shule za juu. Mimi ndiye niliyeipiga lakiri, na nilisoma Fatiha mbili kwa usalama.

Majibu yalikuja na mistari miwili. Wa kwanza: shutuma za wizi zimeondolewa, mitihani isifutwe. Wa pili: jibu ni nane.

Mwalimu Eliesikia alibaki na cheti chake na koti lake. Wavulana wanne wa shule yake walikwenda shule ya kati. Mimi nikabaki na kazi, na mtoto wa tatu alizaliwa, tukamwita Athumani, jambo lililomtatiza mchungaji. Watu walinipongeza. Nikapongezeka.

Lakini nafasi za wasichana zilikuwa mbili, kama nilivyosema. Nakunda alikuwa wa tatu. Alizidiwa alama mbili. Swali la bwawa lilikuwa na alama nne.

Bwana Elimu aliandika barua nyingine, ya huyo msichana peke yake. Hiyo hawakuijibu.

Barua ya matokeo niliipeleka mwenyewe. Tarishi angeweza kwenda, nikamwambia akae. Nilimkuta Nakunda uani akichambua maharage kwenye ungo. Babu yake alikuwa ndivani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Jua kali leo?"

Kumbe walikuwa wananicheka milima mizima. Nikampa barua. Akafuta mikono kwenye kanga, akaisoma mara moja, akarudi juu akaisoma tena. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kwa hilo jingine sikuwa nimejiandaa.

"Nimekosa swali gani?"

"La bwawa."

"Jibu lao ni ngapi?"

"Nane."

Akatazama juu kidogo, akipiga hesabu. Nikaiona ikifika. Arobaini, toa kumi na tano. Akaipata upesi kuliko nilivyoipata mimi.

"Kwa hiyo wamekaa saa nane," akasema, "wanatazama maji yanatoka."

"Ndiyo."

"Na hakuna hata mmoja aliyeinuka akaziba?"

Nikamwambia, "Hakuna, mwanangu." Akaikunja barua, akaitia chini ya ungo, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nikavaa kofia yangu nikateremka.